Usaili wa ubobezi: "Tuambie kuhusu mgonjwa msumbufu." Mwaka jana nilichemka, Jumatano narudi tena

#1 FigoMbili
Wakuu, salaam.
Jumatano ijayo nina usaili wa kwenda kusomea ubobezi wa figo. Ni mara yangu ya pili. Mwaka jana nilifika mpaka mbele ya jopo, watu watano, na maswali ya kitabibu niliyamudu: potasiamu imepanda unafanya nini, aliyepandikizwa figo amepata homa unaanzia wapi. Mwishoni mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akaniuliza, "Daktari, tuambie kuhusu mgonjwa msumbufu uliyewahi kumhudumia."
Nikajibu: "Kwa kweli sijawahi kuwa na mgonjwa msumbufu. Wagonjwa wote kwangu ni sawa."
Wakaangaliana. Mmoja akatabasamu. Yule mama akaandika kitu kifupi sana, kama neno moja hivi. Sikuchaguliwa.
Safari hii nimeandaa kisa. Dereva wa bodaboda aliyekuwa akiruka siku zake za dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine), halafu anakuja usiku wa manane mapafu yamejaa maji na anatukana manesi. Waliopita kwenye hizi jopo, wanataka kusikia nini hasa pale?

#2 Kijiweni_Tandika
Nimekaa pale, na kashata yangu.

#3 RejistaMchovu
Jibu lako la mwaka jana ni chai mkuu, tena ya maziwa. Miaka yote hiyo wodini hujakutana na msumbufu? Hata ndugu aliyekuja na sufuria la makande saa tano usiku akagombana na mlinzi? Jopo waliona moja kati ya mawili: unadanganya, au huwaangalii wagonjwa usoni.

#4 Eichara
Mimi si daktari, niko rasilimali watu. Swali la "tuambie kuhusu wakati fulani" lina mfumo wake, unaitwa STAR: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulichukua hatua gani, matokeo yakawaje. Hali ipe sentensi mbili tu. Watu wengi wanamaliza muda wote kwenye hali, wakifika hatua wanasema "basi tukamshauri."

#5 Mzee_wa_Raundi
Nimewahi kukaa kwenye majopo ya namna hii (siyo hilo lako). Aliyosema #4 ni sawa, ila mfumo huo sasa kila mtu anao. Wanakuja kumi, wote wana hali, jukumu, hatua na matokeo, na wagonjwa wote kumi wanaishia kutoa machozi na kumshukuru daktari. Saa nane mchana, baada ya kusikia saba wa aina hiyo, unaanza kufikiria wali.
Mimi nasikiliza kitu kimoja: lini msailiwa anaacha kusema "tu" na kuanza kusema "ni". Tulimwelekeza, tukamweleza, tukampa nasaha. Nani alimweleza? Wewe ulikuwa umesimama wapi?

#6 Sista_Zamu_ya_Usiku
Mzee #5 shikamoo. Hapo kwenye "tulimpa nasaha" mimi nacheka. Aliyempa nasaha ni nesi. Daktari alipita saa tatu asubuhi na msafara wake.

#7 Mzee_wa_Raundi
Marahaba mwanangu. Sikatai.

#8 Nyundo_ya_Haki
Mnajisumbua. Majina yanakuwa yameshapangwa. Swali la mgonjwa msumbufu ni sababu ya kukukata tu, kwa sababu halina jibu sahihi wala la makosa. Swali la potasiamu wakikukata unaweza kukata rufaa. Hili utalikatia rufaa vipi?

#9 DktBinti
#8 wengine tumepita bila mjomba wala shangazi. Ila una hoja kidogo: ni swali ambalo wanaweza kukupa alama yoyote wanayotaka.

#10 FigoMbili
Asanteni. Basi naweka jibu langu lilivyo, mlichane:
"Nilikuwa rejista kwenye kitengo cha kusafisha damu. Tulikuwa na mgonjwa wa miaka 34, ratiba yake Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, masaa manne kila kikao. Alikuwa akiruka Ijumaa mara kwa mara na kuletwa Jumapili usiku akiwa hawezi kupumua, potasiamu juu, na alikuwa akitoa lugha chafu kwa wauguzi. Nilitambua kwamba hana uelewa wa kutosha kuhusu ugonjwa wake. Nikakaa naye, nikamweleza madhara kwa lugha nyepesi, nikamhusisha mke wake. Baada ya hapo alizingatia ratiba na hakuruka tena."

#11 Kijiweni_Tandika
Na akakushukuru kwa machozi 😂

#12 RejistaMchovu
Hapo kuna nyama. Aliyeruka Ijumaa ametoka kwenye mashine Jumatano, akifika Jumapili usiku ni siku nne hajasafishwa. Hata asiyeruka, lile pengo la siku mbili la wikiendi ndilo la hatari kuliko yote. Liseme hilo, waone unaelewa kwa nini Jumapili na siyo Jumanne. Ongeza na matibabu ya dharura: ulimpa kalshiamu kushusha potasiamu, kisha ukaita mafundi wa mashine.

#13 DktBinti
#12 kalshiamu haishushi potasiamu! Inaulinda moyo usivurugike wakati unajipanga. Insulini pamoja na sukari ndiyo inayoisukuma potasiamu iingie ndani ya seli, na hapo bado imo mwilini. Inayoitoa ni mashine. FigoMbili ukisema kama #12 mbele ya bobezi wa figo, swali la msumbufu hutafika.

#14 RejistaMchovu
Nimeandika haraka. Sawa mwalimu.

#15 Mpemba_Muscat
Asalam alaykum. Huku niliko usaili mwengine huna muda wa kusimulia. Unaingia chumba kwa chumba, dakika chache kila kimoja, na ndani yuko mwigizaji kakaa kitini keshapandisha hasira. Mtindo huu wa vituo ulianzia chuo cha McMaster, Kanada, kwa kuchagua wanafunzi wa udaktari, leo umeenea kwengine. Mimi nilikuta "mtoto wa mgonjwa" ananambia, baba yangu usimwambie kama ana saratani. Jambo hili huku silo la kuigiza, nalipata kila mwezi, tena kwa Kiswahili, maana wazee wengi wa Kiomani wamezaliwa Unguja na Mombasa. Watoto wa wagonjwa walionitia jasho kwanza hapa walikuwa hao, wenye adabu kabisa, wanakuletea halwa, na hawataki baba yao ajue.

#16 Eichara
#15 ulijibuje?

#17 Mpemba_Muscat
Nilitaka kumpa SPIKES nzima kama nilivyoisoma. Yule mwigizaji akanikata: "Dokta, wewe una baba?" Nikababaika. Nikamwambia ninae, na mimi pia ningeogopa. Kisha nikamwambia siwezi kumdanganya baba yake akiniuliza mwenyewe, lakini naweza kumuuliza kwanza anataka kujua kiasi gani. Nilipita kituo kile. Mpaka leo sijui kama ni kwa maneno ya mwanzo au ya mwisho.

#18 Intani_wa_Kwanza
Samahani wakuu, SPIKES si ndiyo njia ya kumtuliza mgonjwa mkali?

#19 Mpemba_Muscat
La, hiyo ni ya kutoa habari mbaya. Hatua sita, ilichapishwa mwaka 2000 na madaktari wa saratani. Ya mgonjwa mkali hakuna herufi zitakazokuokoa, dogo. Kaa wewe, asimame yeye.

#20 MkeWaMgonjwa
Nimesoma tangu juu, naomba niingilie ingawa mimi siyo mtu wa afya. Mume wangu alisafishwa damu miaka mitatu kabla hajafariki. Nadhani hapo kitengoni na yeye alikuwa na jina la msumbufu.
Mmeshawahi kupewa nusu lita ya maji mtumie siku nzima, Februari, Dar? Chai imo humo, mchuzi umo humo, maji ya kumezea vidonge yamo humo. Mume wangu alikuwa akinyonya kipande cha barafu anakihesabu. Halafu anafika kitengoni wanampima uzito, umezidi kilo moja na nusu, wanamsema mbele za watu kama mtoto aliyeiba sukari. Siku hiyo alimrushia nesi kitambaa. Kwenye kadi yake wakaandika "si mshirikivu."
Hilo neno nililiona. Halikuniuma sana wakati ule. Linaniuma sasa.

#21 Sista_Zamu_ya_Usiku
Pole sana mama. Na samahani, kwa sababu nami nimewahi kuliandika.

#22 Kijiweni_Tandika
Pole dada. Nimefuta nilichotaka kuandika.

#23 DktBinti
Pole mama.
Nikirudi kwa FigoMbili: soma #20 mara tatu kabla ya Jumatano. Kwenye jibu lako la #10 mgonjwa hana kazi ila kuruka na kutukana. Umesema bodaboda kwenye #1, kwenye jibu hata bodaboda imetoka.

#24 Sista_Zamu_ya_Usiku
Mimi nina maswali mawili kwa FigoMbili. Alikuwa akitokea wapi? Na kwa nini Ijumaa? Maana mtu asiyeelewa ugonjwa wake angeruka ovyo ovyo, leo Jumatatu, wiki ijayo Jumatano. Huyu anaruka Ijumaa tu. Huyo anaelewa sana, ana sababu yake.

#25 FigoMbili
Alikuwa akitokea Mkuranga. Ijumaa sijui. Narudi.

#26 Otieno_wa_Kisumu
Sasa wadau. Huku kwetu Kenya maswali ni yaleyale, tofauti ni majina ya hospitali tu. Mimi niliulizwa kuhusu Shahidi wa Yehova anayekataa damu. Nikasema nitamtuliza, nimfanyie upasuaji, nikimlaza usingizi namwongezea damu. Niliona mwenyekiti wa jopo ameweka kalamu chini.

#27 Nyundo_ya_Haki
Si ungekuwa umeokoa maisha? Daktari ana kiapo.

#28 Mzee_wa_Raundi
#27 hapana. Mtu mzima mwenye akili timamu akikataa damu amekataa, hata ukiona anakufa. Ukimwongezea akiwa usingizini umemfanyia jambo aliloshakukataza kwa kinywa chake, na wengi wao wanatembea na kadi iliyoandikwa hivyo. Kazi yako ni kupanga upasuaji usiopoteza damu nyingi, kumpandisha damu mapema kwa chuma na dawa kama muda upo, na kumwambia wazi kitakachotokea. Tena umwambie akiwa peke yake, bila wazee wa kanisa kitandani.
Mtoto ni habari nyingine. Kwetu Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka maslahi ya mtoto mbele, mzazi hana haki ya kumkatalia mtoto uhai. Hapo unawaita uongozi, ustawi wa jamii, na ikibidi mahakama, hujifungii mwenyewe na mkasi.

#29 Otieno_wa_Kisumu
Ndiyo hiyo jibu walitaka. Nililijua nikiwa kwa matatu narudi nyumbani.

#30 Kijiweni_Tandika
Majibu yote mazuri yanapatikana kwenye matatu, kwenye daladala na bafuni.

#31 Msomaji_Tu
Kuna jambo hamjaligusa. Kuna makala ya daktari wa akili Mmarekani, James Groves, ya miaka ya 80, aliyewagawa wagonjwa wagumu makundi manne: wang'ang'anizi wasiokuachia, wadai wanaokutisha kwa vyeo na mashtaka, wale wanaokataa kila msaada na bado wanarudi, na wanaojiangamiza huku wakikana. Bodaboda wa FigoMbili ni wa kundi la nne. Akilitaja hilo jopo litajua amesoma.

#32 DktBinti
Ni ya 1978, ilitoka kwenye New England Journal of Medicine. Na usimwekee kundi kabla hajarudi na jibu la Ijumaa. Groves mwenyewe uzito wake ulikuwa kwa daktari: ile chuki unayoisikia tumboni mgonjwa akiingia ni taarifa ya kitabibu, uitumie badala ya kuificha. Watu wamebeba makundi manne, hilo wakaliacha.

#33 RejistaMchovu
Ukisema "nilimchukia" mbele ya jopo umekwisha.

#34 DktBinti
Inategemea nani anasema. Mimi mgonjwa wangu msumbufu alikuwa mzee mmoja mstaafu, mtu mkubwa enzi zake. Kila nikiingia ananiita nesi, ananituma maji, anauliza daktari anakuja saa ngapi. Siku ya nne nikamwambia kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia. Kwenye usaili nilisimulia nikasema nilipandisha sauti. Swali lililofuata: "Kwa hiyo daktari unapata shida kuzuia hasira?" Mwenzangu wa kiume alisimulia kisa kinachofanana, akaambiwa ana msimamo.

#35 Sista_Zamu_ya_Usiku
Na sisi tukiitwa nesi mnasema ni tusi 😏

#36 DktBinti
Dada hapo umenipata. Kweli. Kilichoniuma hasa ni kutumwa maji.

#37 Sista_Zamu_ya_Usiku
Ulimpelekea?

#38 DktBinti
Siku tatu za mwanzo ndiyo.

#39 Intani_wa_Kwanza
Wakuu, na madafu? Mgonjwa wa figo akinywa madafu si ni asili tu, hayana kemikali? Bibi yangu anasema yanasafisha figo.

#40 RejistaMchovu
Dogo, madafu yamejaa potasiamu. Kwa mwenye figo nzima kunywa. Kwa aliye kwenye mashine dafu moja au mawili wikiendi yanaweza kusimamisha moyo. Ndizi na mchicha pia kwa kipimo. Mwambie bibi kwa heshima.

#41 Mpemba_Muscat
Kumwambia bibi kuhusu madafu, huo ndio usaili wenyewe.

#42 FigoMbili
Nimerudi. Nilimpigia sista wa kitengo kile, bado yupo. Nikamuuliza kuhusu yule wa Mkuranga. Hakufikiri hata sekunde.
Pikipiki ilikuwa ya mkataba. Hesabu ya wiki mwenye nayo anaipokea Jumamosi asubuhi, isipotimia anachukua pikipiki. Jumatatu na Jumatano jamaa alikuwa akimaliza mashine hoi, analala. Ijumaa ndiyo siku pekee iliyobaki ya kutimiza hesabu. Halafu kutoka Mkuranga ili uwahi zamu ya saa kumi na mbili asubuhi unatoka kwako saa tisa usiku, ubadili gari Rangi Tatu.
Sista alikuwa akijua. Mhudumu wa usafi alikuwa akijua. Mimi peke yangu ndiye sikujua. Na aliyemaliza tatizo siyo mimi na nasaha zangu: sista alimhamishia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, zamu ya mchana, akabadilishana na mama mmoja wa Temeke aliyetaka asubuhi. Ndiyo maana "hakuruka tena."
Kuna na jingine. Ile Jumapili usiku ya mwisho, sikukaa naye. Nilimwambia, "Kama umeamua kufa kafie kwenu, usituchoshe." Alikuwa na barakoa ya oksijeni, hakuweza kunijibu. Mke wake alikuwepo.

#43 Kijiweni_Tandika
Duh.

#44 MkeWaMgonjwa
Asante kwa kusema ukweli. Sina la kuongeza.

#45 RejistaMchovu
Mkuu, kibinadamu nakuelewa, ulikuwa saa ya ngapi kazini? Ila hilo la mwisho usilipeleke kwenye jopo. Watu watano wanaandika. Kesho na keshokutwa mgonjwa akilalamika Baraza la Madaktari mtu anakumbuka, "si ndiye yule aliyesema kafie kwenu." Sema la hesabu ya Ijumaa, lina uzito wa kutosha.

#46 Mzee_wa_Raundi
Mimi ningependa kulisikia. Siyo neno kwa neno. "Nilimkaripia maneno ambayo nayajutia, mbele ya mkewe." Halafu uendelee kwa sista. Msailiwa anayesema muuguzi ndiye aliyetatua, na yeye alikuwa hajauliza, nimekutana naye mara chache mno.

#47 Nyundo_ya_Haki
#46 wewe ungependa, na wale wanne wengine? Mmoja hapo alishawahi kumwambia mgonjwa mabaya zaidi, na huyo ndiye atakayekukata kwanza ili asijione kwenye kioo.

#48 Eichara
Kwa upande wetu swali la namna hii kazi yake ni kupima kama mtu anajifunza. Bila kosa hakuna somo. Lakini kosa liwe dogo na la zamani.

#49 Sista_Zamu_ya_Usiku
"Kosa dogo na la zamani." Basi mtaandaa makosa kama mnavyoandaa suti.
Mimi nafikiri lile swali lipo kwa sababu nyingine kabisa. Kitengo cha figo wagonjwa ni walewale, mara tatu kwa wiki, miaka. Wodi ya kawaida mgonjwa akikukera wiki ijayo ameruhusiwa. Pale utamwona Jumatatu, Jumatano, Ijumaa mpaka mmoja wenu aondoke. Wanataka kujua kama ukigombana na mtu unaweza kurudi kesho kutwa ukamsalimia.

#50 Mpemba_Muscat
Hilo la #49 limenikaa. Walahi nilikuwa sijalifikiria.

#51 DktBinti
Nakubali nusu. Kwa bobezi wa figo kuna na wagumu ambao hawapigi kelele. Tangu upandikizaji uanze Muhimbili 2017, na Dodoma mwaka uliofuata, swali ninalolisikia sana ni la mchangiaji: mdogo wa mgonjwa anakuja na ukoo mzima, anasema anatoa figo kwa hiari, lakini anaongea akiangalia chini. Hana matusi, hana kelele, anakubali kila kitu. Huyo ndiye mgumu. FigoMbili jiandae na hilo pia.

#52 Otieno_wa_Kisumu
Unafanya nini sasa na huyo?

#53 DktBinti
Unamwona peke yake, zaidi ya mara moja. Unamwambia anaweza kubadili mawazo mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Akisema hataki, ukoo unaambiwa hafai kuchangia, basi. Hakuna kueleza sababu.

#54 RejistaMchovu
Na huo siyo uongo? Mpemba wa #17 alikataa kudanganya.

#55 Mpemba_Muscat
Mie sikutaka kumdanganya mgonjwa kuhusu mwili wake. Huyu anafichiwa siri yake. Na kweli hafai, asiyetaka hafai. Lakini najua madaktari wanaobishana hili mpaka usiku.

#56 Msomaji_Tu
Ukoo wa Kiafrika utauliza hafai kivipi, watataka vipimo, watataka karatasi.

#57 DktBinti
Ndiyo, wataomba. Karatasi ni ya mgonjwa mwenyewe, na ya mchangiaji ni ya mchangiaji. Ila usiku huo dogo analala nyumba moja na hao wanaouliza. Hapo mimi sina jibu.

#58 Intani_wa_Kwanza
Nimemwambia bibi kuhusu madafu. Ameniambia nimesoma mpaka nimekuwa mjinga.

#59 RejistaMchovu
Haya, sasa una kisa chako cha msumbufu. Kitunze.

#60 FigoMbili
Wakuu, Jumatano imepita. Mrejesho mfupi, nipo kwenye foleni ya mwendokasi.
Waliuliza. Safari hii siyo yule mama, ni kijana mmoja mwenye miwani. Nikaanza na Mkuranga na hesabu ya Jumamosi. Nikasema sista ndiye aliyehamisha ratiba, na mimi nilikuwa sijauliza. Nikasema nilimkaripia mbele ya mke wake. Maneno yenyewe sikuyasema, midomo ilikuwa mizito.
Yule kijana akaniuliza tofauti ya Jumatatu na Ijumaa kwenye potasiamu, nikamjibu. Nikadhani yameisha. Yule mama wa mwaka jana akanyanyua kichwa: "Na huyo mgonjwa, yuko wapi sasa hivi?"
Nikasema sijui. Nilipompigia sista nilimuuliza Ijumaa tu, sikumuuliza kama yuko hai.
Akaandika. Safari hii aliandika kirefu.

#61 Kijiweni_Tandika
Kirefu kizuri au kirefu kibaya?

#62 FigoMbili
Kalamu ilikuwa imenielekea kisogo. Majibu wamesema wiki tatu.

#63 Nyundo_ya_Haki
Wiki tatu za nini kama hayajapangwa?

#64 Sista_Zamu_ya_Usiku
FigoMbili, sasa si umpigie tena huyo sista?

#65 FigoMbili
Nimepiga. Yuko zamu, hapokei. Nitapiga saa mbili usiku.

#66 Mgeni_Mpya_25
Habari wakuu, sijasoma uzi wote. Kwani hiyo feloshipu ya figo posho yake kwa mwezi ni shilingi ngapi?